Suruali ya Jinzi na Nguo ya Kaniki

Watu walioisifu suruali ya buluu iitwayo jinzi ni wengi, lakini sifa zao zafanana kama watoto pacha. Husema kwamba nguo hii ni imara, kwamba huvaliwa na tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mzee na kijana. Kisha huishia hapo, kana kwamba neno limekwisha. Nimeona yafaa tuzipime sifa hizo, maana baadhi yake ni kweli, baadhi ni nusu ya kweli, na moja ni hadithi tupu iliyomnyima fundi mmoja heshima yake.

Tuanze na hadithi hiyo. Husimuliwa hivi: ati dhahabu ilipogunduliwa California, kijana mmoja aitwaye Levi Strauss alikwenda huko na majora ya turubai ili awauzie wachimbaji wapate kufanyia mahema. Wachimbaji hawakutaka mahema, walitaka suruali zisizoraruka; basi akaishona turubai yake ikawa suruali, na jinzi ikazaliwa siku hiyo. Ni hadithi tamu, na mtoto wa shule aweza kuikariri kwa dakika mbili. Walakini si kweli. Levi Strauss, aliyezaliwa mwaka 1829 katika mji mdogo wa Buttenheim huko Bavaria, alifika San Francisco mwaka 1853, si kuchimba wala kushona, bali kufanya biashara ya jumla ya nguo na vitambaa. Miaka ishirini ilipita kabla hajauza hata suruali moja ya namna tuijuayo leo. Kisha kumbukumbu za biashara yake ziliteketea katika tetemeko la ardhi na moto wa mwaka 1906, ndipo wasimuliaji walipopata nafasi ya kulijaza pengo kwa maneno yao.

Mwenye uvumbuzi ni mwingine. Jina lake Jacob Davis, fundi cherehani, mzaliwa wa Riga, aliyekuwa akikaa Reno katika jimbo la Nevada. Kazi yake ilikuwa kushona mahema, vifuniko vya magari ya kukokotwa na mablanketi ya farasi. Yapata mwaka 1871 mwanamke mmoja alimjia, akamwomba amshonee mumewe, mkata kuni, suruali isiyochanika upesi. Mezani pake palikuwa na ribiti za shaba nyekundu alizozoea kufungia mikanda ya yale mablanketi. Akachukua chache, akazigongomea kwenye pembe za mifuko, mahali ambapo mshono hufumuka kwanza mtu atiapo zana zake mfukoni. Hilo ndilo jambo lote. Ukisha kuliona waliona rahisi.

Habari za suruali hizo zikaenea kwa waendesha magari na wapima ardhi, na Davis akaogopa kuibiwa. Alitaka hataza, yaani hati ya serikali imlindayo mvumbuzi, nayo gharama yake ilikuwa dola 68. Mwaka 1872 akamwandikia barua Levi Strauss, ambaye alikuwa akinunua vitambaa kwake, akamwomba atoe fedha hiyo na washirikiane. Hati namba 139,121 ilitolewa tarehe 20 Mei 1873. Davis akahamia San Francisco, akawa msimamizi wa ushonaji mpaka uzee wake.

Yamkini msomaji atauliza: habari hizi zatufaa nini, nasi hatukuwajua watu hawa wawili? Nasema zatufaa. Hadithi ya kwanza humsifu mwenye mtaji peke yake. Habari ya pili humwonyesha fundi mezani pake na nyundo mkononi. Nguo inayojisifu kuwa ni ya mfanya kazi yapasa isimulie kazi hiyo sawasawa.

Tena liko jambo ambalo wasimuliaji hulipita kimya. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Chuki juu ya Wachina ilikuwa kali huko California miaka ile, na kampuni ikachapa ndani ya mfuko maneno ya kutangaza kwamba suruali zake ndizo za pekee zilizofanywa na wafanya kazi weupe. Mwaka 2022 suruali moja ya siku zile, iliyopatikana katika mgodi ulioachwa, iliuzwa mnadani huko New Mexico kwa dola 76,000, mbali na ada ya mnada. Na maneno hayo yamo mfukoni mwake, yangali yasomeka. Wale wasemao kwamba jinzi tangu mwanzo ilikuwa nguo ya watu wote, na watie mkono katika mfuko ule.

Sasa tutazame kitambaa chenyewe, maana hapa sifa ni za haki, tena wasifuji hawakusifu vya kutosha. Kitambaa huitwa denimu. Wengi hulitoa jina hilo katika mji wa Nîmes huko Ufaransa, na jina la jinzi katika mji wa Genoa huko Italia. Mambo ya asili ya majina yana mabishano, nami siyaingii. Kilicho kikubwa ni ufumaji. Nyuzi za mtande hutiwa rangi ya nili kabla hazijafumwa, na nyuzi za mshindio huachwa nyeupe. Kila uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio, kisha huzama chini ya mmoja. Na jirani yake hufanya vivyo hivyo hatua moja mbele, hata ikaonekana mistari iendayo mshazari. Kwa hiyo nje ya nguo ni buluu na ndani ni karibu nyeupe. Geuza pindo la mguu utaona.

Nayo nili ni rangi yenye tabia ya peke yake. Haiyeyuki katika maji matupu. Lazima kwanza iondolewe oksijeni kwa dawa, hata maji ya pipa yakawa ya kijani chenye umanjano. Uzi huchovywa humo, hutolewa ukiwa na rangi hiyo hiyo, na mara ukutanapo na hewa hugeuka buluu machoni pa mtu. Huchovywa tena na tena mpaka rangi ikolee. Walakini nili haifiki moyoni mwa uzi; hukaa juu yake kama ganda juu ya mti. Basi nguo ikisuguliwa gotini, pajani, au ukingoni mwa mfuko, ganda hubanduka na weupe hutokea. Rangi nyingine zikichujuka, nguo huonekana imechakaa. Nili ikichujuka, nguo huonekana imekuwa ya mtu fulani. Mwashi hujulikana kwa magoti yake, seremala kwa mfuko aliotilia futi, na karani, samahani kwa wenzangu, kwa mahali pa kukalia. Sifa hii naikubali bila shaka lo lote: udhaifu wa rangi umegeuka kuwa uzuri wa nguo. Hata fundi aliyevumbua ribiti hakuyafikiri hayo.

Historia ya nili si ya upole. Katika South Carolina, tangu miaka ya 1740, ilipandwa na kupikwa na Waafrika waliokuwa watumwa, wakati huko Kano, Afrika ya magharibi, watu huru walikuwa na mashimo yao ya kuchovyea nguo na ustadi wao wa zamani. Katika Bengal wakulima walilazimishwa kuipanda badala ya chakula, hata mwaka 1859 wakakataa kwa nguvu. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemia, na mashamba ya India yakaanza kufa. Lakini mateso hayakuisha upesi, kwa maana malalamiko ya wakulima wa nili ndiyo yaliyompeleka Gandhi Champaran mwaka 1917. Nili ya jinzi za leo, ila chache mno, hutoka kiwandani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asimame nami kidogo. Denimu ya mwanzo ya Levi Strauss ilifumwa katika kiwanda cha Amoskeag, mjini Manchester, katika jimbo la New Hampshire. Upande huo huo wa Marekani, uitwao New England, ndio uliotuletea sisi kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho wafanya biashara wa Salem walikileta Unguja kwa merikebu, hata kikaitwa merikani mpaka leo. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ni wa mwaka 1833. Biashara ikastawi, kisha vita vya Wamarekani wao kwa wao vya mwaka 1861 hadi 1865 vikaikata. Na kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hata kikakaribia weusi, hicho kwetu ni kaniki.

Kwa vitu vilivyofanyiwa, kaniki na jinzi ni ndugu: pamba na nili. Kwa matumizi pia ni ndugu: nguo ya kazi, bei ya chini, rangi isiyoonyesha uchafu upesi. Walakini tazama mwisho wao. Jinzi imepanda hata ikavaliwa na wakuu wa nchi na wenye mabenki siku zao za mapumziko. Kaniki imeshuka, hata msichana wa leo akiambiwa avae kaniki kwenda mjini atadhani ametukanwa. Kama sababu ya kupendwa kwa jinzi ni uimara tu, au ni rangi tu, kwa nini ndugu yake hakupendwa?

Jibu liko katika habari za wavaaji. Kaniki na merikani ndizo zilizokuwa nguo za watumwa wa pwani. Mtumwa hakuichagua kaniki. Alipewa, na kila aliyemwona alijua cheo chake kabla hajafungua kinywa. Utumwa ulipoondolewa katika sheria za Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakazishika kanga zenye rangi na maua. Nani atawalaumu? Haikuwa anasa, ilikuwa kujiandika upya mwilini. Uimara wa kaniki haukuweza kushindana na kumbukumbu hiyo.

Jinzi nayo ilianza chini, lakini mfanya kazi wa Nevada aliinunua kwa ujira wake. Siku zile haikuitwa jinzi, iliitwa ovaroli ya kiunoni, na jina la jinzi halikushinda mpaka yapata mwaka 1960. Kupanda kwake kulianza katika miaka ya 1930. Bei ya ng'ombe ilikuwa imeanguka, na wenye mashamba ya mifugo huko magharibi wakaanza kupokea wageni wa kulipa kutoka miji ya mashariki. Wageni hao, watu wa fedha, walitaka kuvaa kama wachunga ng'ombe waliowaona katika sinema. Wakanunua suruali za buluu wakarudi nazo kwao. Mwaka 1934 kampuni ikatoa za wanawake. Kisha sinema ikafanya kazi iliyobaki: Marlon Brando mwaka 1953, James Dean mwaka 1955, vijana wenye hasira wakiwa katika jinzi. Baadhi ya shule za Marekani zikazipiga marufuku. Mimi ni mwalimu, nami najua vema kwamba hapana tangazo la biashara lililo na nguvu kuliko marufuku ya mwalimu mkuu. Hata katika nchi ya Kisovieti, ambako ziliitwa nguo za mabepari, vijana walizitafuta kwa magendo.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi ni wa Wamarekani weusi. Kwa wengi wao wa kusini, denimu ilikuwa nguo ya mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa nusu ya mavuno na deni lisilokwisha. Kwao ilikuwa kama kaniki yetu. Wazee walivaa suti kwenda mjini na kanisani, ili watu wajue kwamba wao si vibarua wa mtu. Katika miaka ya 1960 vijana wa chama cha wanafunzi kiitwacho SNCC walipokwenda Mississippi kuwaandikisha watu kupiga kura, wakavaa ovaroli za denimu makusudi, wapate kufanana na wakulima waliowaendea. Wako wazee waliochukizwa: sisi tulisumbuka kuivua, ninyi mmesoma chuo kikuu, mwaivaa tena? Na tarehe 12 Aprili 1963 Martin Luther King, ambaye watu walimzoea katika suti nyeusi, alivaa nguo za kazi za denimu akaenda kukamatwa mjini Birmingham, wakati weusi wa mji ule walipokuwa wamekataa kununua nguo mpya za Pasaka katika maduka yaliyowabagua.

Kitambaa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba aliyekivaa alikuwa na suti nyumbani. Basi naona kwamba siri ya jinzi ni kuchaguliwa. Nguo ya kazi hupata heshima pale ambapo mtu awezaye kuiacha anaivaa. Na ikiwa hapana wa namna hiyo, nguo hubaki alama ya unyonge, hata ikiwa imara namna gani. Kaniki haikumpata mtu wa kuichagua wakati ufaao. Silisemi hili kwa furaha, maana lamaanisha kwamba sifa ya nguo ya maskini yangoja kibali cha asiye maskini.

Wako wataalamu wenye maoni mengine. Daniel Miller na Sophie Woodward waliwachunguza watu wa mitaa mitatu ya kaskazini ya London, wakaandika kitabu mwaka 2012. Wao waona kwamba jinzi hupendwa kwa sababu imekwisha kuacha kusema neno lo lote: si ya Marekani tena, si ya ujana, si ya uasi, ni ya kawaida tu. Mgeni aliyetoka mbali akiivaa, hapana amtazamaye wala amwulizaye. Nawakubalia kwa sehemu. Mtu aliyechoka kutazamwa hupata pumziko katika nguo isiyotazamwa, na hiyo ni zawadi kubwa. Lakini nawauliza: suruali iliyopasuka gotini, akiivaa mwanafunzi wa chuo aliyeinunua hivyo dukani, ni ya kawaida, akiivaa mbeba mizigo wa bandarini aliyeichana kazini, je, mlinzi wa mlango wa benki awaona sawa? Nimeyatazama haya kwa macho yangu mjini, nami sikuona usawa.

Na hapa nafika penye lawama yangu kubwa. Nimesema uzuri wa jinzi ni ushuhuda: weupe wa goti husema ukweli juu ya goti. Tangu miaka ya 1970 na 1980 viwanda vimeuza ushuhuda huo ukiwa tayari. Suruali mpya hufuliwa pamoja na mawe, husuguliwa kwa msasa, huunguzwa kwa dawa, huchanwa kwa kisu, kisha hupandishwa bei. Kama ingekuwa upuuzi tu, ningecheka nikapita. Lakini njia mojawapo ilikuwa kuipuliza nguo kwa mchanga kwa nguvu ya hewa, na vijana waliofanya kazi hiyo katika karakana za Uturuki walivuta vumbi la mchanga, wakapata ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauna dawa. Wengine walikufa. Serikali ya Uturuki ikaipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, na mwaka uliofuata kampuni kadhaa kubwa, Levi Strauss mojawapo, zikatangaza kuiacha. Pimeni jambo hili, wasomaji: mfanya kazi alipoteza pumzi yake ili mtu asiyefanya kazi aonekane kama aliyefanya. Sijui uongo mwingine wa nguo uliogharimu hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki jinzi nyingi huja katika mabunda ya mitumba, na hapo ushuhuda huwa wa namna ya tatu. Ukinunua suruali katika soko kama Gikomba huko Nairobi, weupe wake waweza kuwa wa kweli kabisa, ila si wako. Mkunjo wa nyuma ya goti ni wa mtu asiyejulikana. Alama ya mraba mfukoni ni ya pochi ya mgeni. Wanunuzi wetu hawaoni haya kwa hilo, wala sioni sababu ya kuona haya: huchagua kwa makini, huvuta kitambaa, hutazama mishono ya ndani, na hukataa kilicholegea. Nimeona wauza mitumba waijuao denimu kuliko wauzaji wa maduka ya vioo. Tena tangu Marekani ilipotunga sheria mwaka 2000 ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, viwanda vya Kenya vilishona jinzi nyingi za kupelekwa huko. Basi si ajabu ikiwamo bundani suruali iliyoshonwa Kenya, ikavaliwa ng'ambo miaka mitatu, ikarudi kuuzwa kilomita chache kutoka cherehani iliyoizaa.

Kiwanda cha White Oak, huko Greensboro katika North Carolina, ambacho kilianza kazi mwaka 1905 na kwa miaka mingi kilimfumia Levi Strauss denimu yake, kilifungwa mwisho wa mwaka 2017. Ribiti zingali zagongomewa pembeni mwa mifuko, ingawa mashine za leo zaweza kuufanya mshono ule uwe imara pasipo shaba. Na nyuma ya suruali, kiunoni, kingali kile kiraka chenye picha ya farasi wawili wakivuta suruali wasiweze kuichana, kilichoanza kutumika mwaka 1886. Katika hati namba 139,121 mvumbuzi ametajwa kuwa ni Jacob W. Davis wa Reno, Nevada. Katika kiraka limo jina la Strauss. La Davis halimo.